Bwana Harusi wa Kwenye Simu

Ndugu yangu msomaji, nataka kukuuliza jambo, na nakuomba usikasirike. Akija mtu mlangoni kwako, humjui kwao wala jamaa zake, akasema, "Niozeni binti yenu, na kabla ya hapo nipeni shilingi laki tatu nimalize shida yangu," utamwita nani? Bila ya shaka utamwita mwendawazimu. Basi mtu huyo huyo leo amepitia kwenye simu, naye amekaribishwa mpaka ndani.

Mimi nafundisha chuo hapa Dodoma. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kuwa Serikali yote yahamia huku, mji wetu umekuwa jina la kutafutia heshima. Ayari aliyekuwa akijiita tajiri wa Maskati, sasa hujiita afisa wa wizara, "niko Mtumba, Mji wa Serikali." Aliye Tanga au Lamu atajuaje?

Mwaka jana bibi mmoja wa Tanga alinipigia simu. "Sheikh, nitafutie khabari za mkwe wangu." Mkwe! Mahari yalikwisha kutajwa. Binti alikwisha kumpelekea pesa mara tatu, mara gari limeharibika, mara mshahara umechelewa. Na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwona uso kwa uso. Nikapanda daladala mpaka Mtumba na picha yake mkononi. Wizarani hajulikani. Ile picha ilikuja kutambuliwa mjini: ni ya mwalimu mmoja mwenye mke na watoto, wala hana khabari kuwa sura yake yaposa wanawake pwani.

Nilipomweleza, bibi yule alinyamaza, kisha akasema, "Niliogopa kuulizauliza, Sheikh. Nilidhani ni kusengenya." Hapo nilikasirika, si kwake, bali kwetu sisi wenye kuvaa vilemba. Tumekemea usengenyaji miaka yote, tukaacha kufundisha pale panapopasa kusema. Fatima binti Qays alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kwa Bwana Mtume (S.A.W.) kutaka shauri, naye hakumficha: huyu hana mali, na yule ni mwepesi wa fimbo, akamwelekeza kwa Usama bin Zaid. Ikiwa masahaba walielezwa aibu zao kwa ajili ya ndoa, huyu wa kwenye simu ni nani asiulizwe? Huku kwetu Mgogo hanunui ng'ombe mnadani mpaka amzunguke na kuuliza ametoka zizi gani. Wewe baba wamtoa binti kwa picha!

Wako wasemao ati haya ni mambo ya wasichana wapumbavu. Si kweli. Namjua mzee wa makamo yangu aliyebembelezwa miezi mitano na "mjane," na mjane mwenyewe akawa kijana mwenye ndevu. Na wako vijana wasemao kuwa jina la uongo mtandaoni ni mchezo tu. Bwana Mtume alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini imerowa na juu ni kavu, akamkana mwenye kughushi. Na ile ilikuwa nafaka. Huyu auza nafsi yake.

Sisemi kuwa sisi wa zamani tulikuwa malaika. Magazeti yalikuwa na kurasa za marafiki wa kalamu, na vijana wenzangu walikuwa wakipeleka picha za rafiki zao wazuri. (Barua moja au mbili nilisaidia kuziandika, Mungu anisamehe.) Lakini barua ilikwenda majuma mawili, mtu alipata wasaa wa kufikiri. Sasa mapenzi huanza baada ya Isha, na kabla ya Alfajiri pesa zimekwenda.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekwisha kufanya kujipa utambulisho wa mtu mwingine kuwa ni kosa la jinai. Namba ya tapeli hupelekwa 15040. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, ingawa mwenye hila hutumia iliyosajiliwa kwa vidole vya mwingine. Nilimwambia bibi yule apeleke ile namba, kisha aende polisi na binti yake. Akanijibu, "Aibu, Sheikh. Watu watasemaje? Naye bado hajaolewa." Nilimsihi mara mbili. Hakwenda.

Juzi jamaa wa Pangani ameniletea picha ya mchumba wa dada yake, anitake shauri. Ni yule yule mwalimu wetu. Jina ni jingine, na safari hii ni daktari.