Twendeni Barazani, Jamani

Mbegu ya mkoko haihitaji jembe. Unasubiri maji yatoke, unaichomeka topeni, mengine unaiachia bahari. Wenzetu wa Gazi na Makongeni, kule Kwale, wamechomeka nyingi. Tangu 2013, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa, yaani kaboni, inayohifadhiwa humo. Mapato yake yameleta maji kijijini na vitabu shuleni. Tena hawakungoja mtu wa mbali awapangie: wanakijiji hukutana wakasemezana, safari hii ni maji au ni shule?

Huwakumbuka kila nisikiapo mabilioni yakitajwa redioni. Mwaka 2009, mjini Copenhagen, mataifa tajiri yaliahidi kuzifikishia nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka za kukabili mabadiliko ya tabianchi ifikapo 2020, zikatimia 2022. Mjini Baku, 2024, ikaja ahadi ya bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Ahadi ni deni, na tusichoke kulidai. Lakini pesa zikishafika kaunti, nani atauliza zimekwenda wapi?

Ni mimi na wewe. Kaunti zetu zimeunda mifuko ya tabianchi, na wadini ziko kamati za kupanga kipi kitangulie: kisima, bwawa au miche. Sheria ya tabianchi nayo imetupa nguvu. Tangu marekebisho ya 2023, mradi wa kaboni unaotumia ardhi unatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, gharama zikishatolewa.

Basi nawaomba, ndugu zangu. Mkutano wa wadi ukitangazwa msikitini, kanisani au na mzee wa mtaa, tufike, na tusiwaache nyumbani kina mama wanaojua kisima gani hukauka kwanza. Tuulize bila ugomvi: zimeingia ngapi, zimetumika wapi, zimebaki ngapi? Na akija mtu na mkataba wa kaboni, usomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wote, kabla ya yeyote kutia sahihi.

Najua kazi ni nyingi na jua ni kali. Ila asubuhi moja tunaweza kuitoa. Siku ikitangazwa, nipitie nyumbani, twende pamoja.