Mlinzi analinda mali, nani analinda tumbo lake?

Ndugu msomaji, tufanye hesabu ya kabwela mmoja, mlinzi wa kampuni ndogo Dar es Salaam. Amri ya Mishahara ya 2022 ilimpa kima cha chini cha Sh. 148,000 kwa mwezi. Desemba 2023 nauli ya daladala, safari fupi, ikapanda kutoka Sh. 500 hadi 600. Aliyepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, siku 26, alimwachia konda Sh. 62,400. Zikabaki 85,600: kodi ya chumba, unga, mkaa, madaftari ya watoto! (Na hapo hajaugua.)

Mei Mosi 2025 watumishi wa Serikali wakatangaziwa kima cha Sh. 500,000. Hatuwaonei wivu. Lakini waheshimiwa waliokaa wakapanga ile 148,000 watuambie: walimhesabia nauli, au walidhani analala getini?