Bwana Shamba Anasema: Jembe Likitoka, Mfuko Utoke Nalo

Ndugu mkulima na ndugu mvuvi,

Mwezi huu tuzungumze juu ya mfuko mdogo. Si mfuko wa mbegu wala wa mbolea. Ni mfuko wa huduma ya kwanza.

Mwaka mmoja nilikuwa na mkulima katika milima ya Umatengo. Alikuwa akifyeka majani ili ngoro zichimbwe. Panga liliteleza, likamkata mguu. Damu ilitoka nyingi.

Mimi nilikuwa na begi kubwa. Ndani mlikuwa na daftari, kamba ya kupimia, na kitambaa cha kufutia bomba la dawa ya mikahawa. Kitambaa safi sikuwa nacho. Nilimfunga kwa kile kichafu. Tulitembea saa mbili hadi zahanati. Mganga alipofungua, alinitazama, akasema, "Bwana Shamba, umefunga jeraha kwa sumu."

Kidonda kilitunga usaha. Mkulima yule alikaa wiki sita bila kufanya kazi. Maharage yake hayakupandwa mwaka ule. Kosa lilikuwa langu.

Tangu siku ile natembea na mfuko. Ndani yake mna vitu hivi:

1. Kipande cha sabuni na chupa ya maji safi.
2. Vitambaa vitatu vya pamba. Vifue, vichemshe, vianike juani, kisha vifunge vizuri visiingie vumbi.
3. Bendeji moja na plasta chache.
4. Mkasi mdogo.
5. Glovu za mpira.

Usiuweke mfuko huu pamoja na dawa za kuua wadudu. Usitie ndani vidonge vilivyobaki nyumbani.

Mtu akikatwa, fanya hivi. Nawa mikono, vaa glovu. Weka kitambaa safi juu ya jeraha. Kandamiza kwa nguvu dakika 10. Usifunue kuchungulia. Jeraha likiwa dogo, damu ikikoma lioshe kwa maji safi na sabuni, kisha lifunge. Likiwa kubwa, usiondoe kitambaa. Funga bendeji juu yake, mpeleke zahanati upesi.

Usipake udongo, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama. Huingia mwilini kwa njia ya kidonda. Pepopunda huua. Sindano ya kuizuia ipo, waulize wauguzi.

Ndugu zetu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ninyi mko ziwani. Mfuko utalowa mtumbwini. Tumieni kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza. Lifungeni kwa kamba lisichukuliwe na mawimbi. Ndoana ikizama mwilini na ncha yake haionekani, usiivute. Nenda nayo zahanati.

Mfuko huu si zahanati. Kazi yake ni kukufikisha huko salama.

Sasa jadilianeni nyumbani:

Kutoka shambani kwenu hadi zahanati ni mwendo wa saa ngapi?

Leo mtu akikatwa, mtamfunga kwa kitambaa gani?

Nani atautunza mfuko, na kurudisha kila kilichotumika?

Jembe likitoka nyumbani, mfuko utoke nalo.

Tuonane mwezi ujao.

Bwana Shamba wenu