"Deiwaka" wa Lori la Taka Naye ni Mfanyakazi

Manispaa ya Moshi imeshatwaa tuzo za kitaifa za usafi mara kadhaa, na hata sisi wa Kirua Vunjo tunajisifia nazo, ingawa taka zetu nyingi zinaishia kihambani kama mbolea. Sawa. Ila makamanda, hebu tuangalie nani anaibeba hiyo tuzo. Ni kijana, pengine wa huku huku mlimani, amesimama juu ya taka kwenye tipa, kashika ubavu wa lori kwa mkono mmoja, kichwa wazi. Dereva akikanyaga breki ghafla, au tawi likimkuta usoni, anatua kwenye lami kwa kichwa.

Na jeraha la kichwa lina ujanja wake. Mtu anaweza kuinuka, akajipangusa, akasema "niko poa", kumbe damu inavujia ndani ya fuvu. Usiku anaanza kutapika. Hata anayepona si lazima arudi alivyokuwa: anasahausahau, kichwa hakiachi kuuma, hasira ziko karibu. Mtaani watasema anavuta bangi au karogwa.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ndiyo iliyoleta Mfuko wa WCF. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Mfuko unagharamia matibabu na fidia ya ulemavu, na wala huhitaji kuthibitisha kwamba bosi alizembea. Tatizo, ajali ikitokea bosi anasema: "Huyo si mfanyakazi wangu, ni deiwaka tu."

Kisheria hilo halimtoi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata likiwepo jambo moja tu kati ya haya: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, anapewa vifaa, au amefanya kazi kwa huyo bosi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Yapo na mengine. Kijana wa lori la taka anayo karibu yote.

Halafu hizi picha za kugawa helmeti Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mimi zinanichosha. Vifaa vya kinga ni wajibu wa mwajiri tangu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, siyo zawadi ya mheshimiwa. Tena helmeti itasaidia nini kama mtu bado anasafirishwa juu ya mzigo? Apewe kiti ndani.

Mwenzako akiumia, mpeleke hospitali hata kama anabisha, andika namba ya gari, tarehe na majina ya waliokuwepo, na mwajiri apewe taarifa kwa maandishi mapema. Miezi 12 ikipita kimya haki inaweza kupotea. Na mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, muulizeni mtendaji kama anayezoa taka za soko amesajiliwa WCF. Alete cheti, asijibu kwa mdomo.