Amani ya Mocímboa ianzie barazani
Mocímboa da Praia, mji wa kaskazini mwa Msumbiji, ilivamiwa na waasi Oktoba 5, 2017, ikatekwa Agosti 2020, na majeshi ya Msumbiji na Rwanda yakaikomboa Agosti 2021. Wakazi waliokimbia, wengine kwa mashua hadi Pemba ya Msumbiji, wakaanza kurejea. Askari hulinda barabara, lakini bunduki haimrudishii mtu imani kwa jirani yake, hasa pale binti au kijana aliyetekwa anaporudi na kutazamwa kama adui. Kazi ya kurudisha imani hiyo ni ya masheikh, wazee na akina mama wa mtaa, barazani: kuwasikiliza waliofiwa, kuwaombea marehemu, kuwapokea watoto hao bila kuwanyooshea vidole. Serikali na kampuni zinazoisubiri gesi ya wilaya jirani ya Palma ziigharimie sasa, kabla chuki haijarithiwa na wajukuu.