Miaka 150 ya Kituo cha Simu: Waya Nao Upewe Haki Yake

Tarehe 28 Januari 2028 itatimia miaka 150 tangu kituo cha kwanza cha simu cha kibiashara kifunguliwe mjini New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani. Alexander Graham Bell atasifiwa, na anastahili. Lakini mchango wa waya usisahaulike.

Bell alipata hataza yake ya simu Machi 1876. Hata hivyo, simu mbili zilizofungwa pamoja ziliwafaa wenyewe tu. Aliyeifanya simu kuwa huduma ya mji mzima ni George Coy, aliyefungua kituo hicho cha New Haven akianza na wateja 21. Inasimuliwa kuwa ubao wake wa kuunganishia simu aliuunda kwa boliti za magari ya farasi na waya wa kutunisha magauni ya kike. Mazungumzo mawili tu ndiyo yaliyoweza kupita kwa wakati mmoja.

Miji ilipokua, zikaja swichibodi zenye waya na plagi. Mteja akiita, opereta alichomeka plagi moja kwenye tundu lake, akamuuliza anamtaka nani, kisha akashika plagi ya pili. Kabla ya kuichomeka, aligusisha ncha yake kwenye mdomo wa tundu la anayetafutwa. Akisikia "tik" sikioni, alijua laini ina watu. Mazungumzo yakiisha, alichomoa plagi, na uzito uliofungwa chini ya meza ukauvuta waya urudi mahali pake.

Waya mmoja mnene wa shaba ukikunjwa hivyo kutwa hukatika. Mafundi wakabuni dawa: utepe mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye uzi, nyuzi nyingi za namna hiyo zikawekwa pamoja, kisha zikavishwa pamba au hariri iliyosukwa. Waya wa aina hiyo ndio uliofika mpaka kwenye kipokeo cha simu ya nyumbani. Adui yake alikuwa unyevu: pamba ikilowa, sauti iliharibika.

Nyuma ya waya walikuwapo watu. Emma Nutt aliajiriwa Boston Septemba 1878, mwanamke wa kwanza kuwa opereta wa simu. Mwaka 1891 Almon Strowger, aliyekuwa mwenye biashara ya mazishi, alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta. Waya ukaanza kustaafu, ila si kwa haraka: kijiji cha Bryant Pond, Maine, kiliendelea kuhudumiwa na opereta hadi 1983. Nasi Afrika Mashariki tulizoea kuomba simu ya mbali kwa opereta na kusubiri.

Kwa hiyo tunaziomba kampuni za simu na makumbusho yetu: swichibodi zilizobaki stoo zisiuzwe kama vyuma chakavu. Zisafishwe na ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi ataruhusiwa kushika plagi na kuichomeka kwa mkono wake. Na waliozifanyia kazi waitwe waeleze, wangali hai.