Kosa la Programu Si Kosa la Mwenye Duka



Leo siandiki habari za uchaguzi. Naandika kuhusu kile kidude kilicho juu ya meza ya kila duka la maana hapa Bariadi: mashine ya EFD.

Msimu wa pamba uliopita yangu iligoma. Si betri, si karatasi, si mtandao. Inawaka vizuri, risiti haitoki. Nikampigia wakala aliyeniuzia. "Programu ina tatizo, inabidi kuapdeti. Ilete Mwanza, na uje na hela." Nikafunga duka siku mbili, wakati wakulima ndiyo kwanza wana hela mkononi. Nikapanda basi, nikapita Lamadi, nikalala Mwanza. Fundi akachomeka waya, dakika kumi, kwisha. Nikalipa. Halafu mwenyewe akanipasulia: mashine za aina hiyo zimeletwa kibao kwa tatizo hilo hilo.

Sasa jamani, kama zote zinaumwa ugonjwa mmoja, si zilizaliwa nao? Kwa nini nimlipe aliyeniuzia mbovu ili anipe nzima?

Wapo watakaosema hata waandishi wa programu wanakula. Kweli. Akiniongezea kitu kipya, mfano hesabu ya stoo, anitoze, mimi nitaamua kununua au kuacha. Ila kurekebisha kosa lake ni kumalizia kazi niliyokwisha kuilipia. Fundi cherehani akikushonea suruali ikafumuka siku ya kwanza, hakudai hela ya uzi.

Na kwa EFD jambo ni zito zaidi, maana hatukuchagua. Zilianza 2010 kwa wafanyabiashara wa VAT, 2013 zikashushwa kwa wadogo wenye mauzo kuanzia milioni 14 kwa mwaka. Lazima ununue kwa msambazaji aliyeidhinishwa na TRA. Usipotoa risiti, faini ni yako. Mwaka 2014 wafanyabiashara wa miji mbalimbali walifunga maduka kupinga bei. Serikali ya CCM ikajibu kwamba bei ya mashine unarejeshewa kupitia kodi. Haya, na hela ya kuapdeti je? Nauli? Siku mbili za duka kufungwa?

Umoja wa Ulaya tangu 2022 unatumia sheria inayomtaka muuzaji wa bidhaa yenye programu ampe mlaji marekebisho bure kwa muda unaostahili. Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watetezi wa walaji wa huko waliwabana, watumiaji wa nyumbani wakapata mwaka mmoja zaidi bure. Kwingine yakawekwa masharti, mojawapo kulipa dola 30. Kampuni ni ile ile. Tofauti ni nani anamtetea mnunuzi.

Madai yetu ni matatu. Moja, hakuna msambazaji kuidhinishwa bila kujifunga kurekebisha makosa ya programu bure, kwa muda wote ambao sheria inatulazimisha kutumia mashine yake. Mbili, huduma hiyo ipatikane Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Tatu, aliyetoa taarifa kwamba mashine imegoma asiguswe na faini.

Anayemlazimisha mnyonge kununua, amlazimishe na muuzaji kutengeneza. Kinyume cha hapo, hiyo si kodi, ni kukamuliwa.

Aluta continua!